Namba tatu za chaki: mota ya njia tatu inavuta ampea ngapi?

Nje kidogo ya mji wa Morogoro kuna mashine ya kusaga ambayo ukuta wake, pembeni ya swichi kubwa, ulikuwa na namba tatu za chaki, kila moja kwa mwandiko wake. Juu 27.5. Chini yake 15.9. Pembeni, kwa tarakimu kubwa za mtu asiye na shaka, 22.

Zote zilikuwa zinajibu swali moja: mota hii ya kilowati 11, inayolishwa umeme kwa nyaya tatu, ikibeba mzigo wake kamili, inavuta ampea ngapi kwenye kila waya? Walishapita mafundi watatu kwa nyakati tofauti, na kila mmoja aliacha jibu lake ukutani kama anayetia saini. Mimi nilikuwa wa nne. Mama mwenye mashine aliniita baada ya mota kuungua mara ya pili ndani ya miezi minane. Safari hii hakutaka habari ya kusuka peke yake, yaani kuondoa nyaya za ndani zilizoungua na kufunga mpya. Alitaka nimwambie, kati ya wale watatu, nani alimdanganya.

Hakuna aliyemdanganya. Kila namba pale ukutani imetoka kwenye hesabu ambayo ina maana yake mahali fulani, na ndiyo maana jambo hili linawachanganya hata watu waliosomea umeme. Kwa hiyo kabla sijagusa bisibisi nilianza na kibati, kile kipande cha bati ubavuni mwa mota chenye maelezo yake.

Kibati cha mota ya mashine ya kusaga huwa hakionekani. Unga unakaa juu ya grisi, grisi inakaa juu ya rangi, na baada ya miaka miwili unaona uvimbe tu ubavuni mwa mota. Nilikisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka kikasomeka: Y160M-4, 11 kW, 380 V, alama ya pembetatu, 22.6 A, 1460 r/min, 50 Hz, pawa fakta 0.84, ufanisi asilimia 88. Y ni jina la ukoo wa mota hizi za Kichina zilizojaa kwenye mashine zetu. 160 ni milimita kutoka chini ya miguu ya mota hadi katikati ya shafti. M ni bodi ya urefu wa kati. 4 ni idadi ya ncha za sumaku, na kwa umeme wa 50 Hz ncha nne zinafanya sumaku izunguke mara 1500 kwa dakika. Chuma cha ndani kinaifukuza kwa nyuma kidogo, mara 1460.

Jibu lenyewe liko pale pale: 22.6. Kiwandani waliipima, wakaiandika. Kibati kikisomeka na mota haijachezewa, kibati ndicho kinachoamua, hesabu ni ya kuhakiki. Lakini Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, na kumwambia "kibati kimesema" kusingemtosha mtu aliyelipa kusuka mara mbili. Naye alikuwa na haki ya kujua 22.6 imetoka wapi.

Kilowati 11 ni za nani?

Hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibikia, na ni kwa sababu ya mazoea. Ukinunua pasi ya wati 1000, hizo wati 1000 ndizo inazovuta kwenye soketi. Balbu ya wati 60 vivyo hivyo. Mota haiko hivyo. Kilowati zilizoandikwa kwenye kibati cha mota ni zile inazozitoa kwenye shafti, zile ambazo mkanda unazipeleka kwenye nyundo za kusagia. Kinachoingia kwa waya ni kikubwa zaidi, kwa sababu njiani kuna kinachopotea: nyaya za ndani zinapata joto, chuma kinapata joto, beringi zinasuguana, feni ya nyuma inasukuma upepo.

Mota hii ina ufanisi wa asilimia 88. Yaani kati ya kila wati 100 zinazoingia, 88 zinafika kwenye shafti na 12 zinageuka joto. Ili itoe wati 11,000 lazima iingize 11,000 ÷ 0.88, ambayo ni wati 12,500.

Mama alilielewa hili haraka kuliko wanafunzi wengi niliowahi kuwafundisha, kwa sababu analipa LUKU, umeme wa kununua kabla ya kutumia. Nilimwambia: mashine ikisaga kwa mzigo kamili saa nzima bila kupumzika, LUKU haikati uniti 11, inakata 12 na nusu. Akatikisa kichwa. "Ndiyo maana," alisema, na sikumuuliza ndiyo maana ya nini.

Kama kibati kimeandikwa nguvu za farasi, ile HP ambayo mtaani tunaiita hosi, zidisha kwa 746 upate wati. Hosi 15 ni wati 11,190, ndiyo hii hii ya kilowati 11 inayozungumzwa hapa. Hizo nazo ni za shafti.

Umeme unaokwenda na kurudi

Mzigo wa pili ni pawa fakta, na huu hauonekani kwenye LUKU. Mota inazunguka kwa sumaku, na sumaku ile haiji bure. Kila mara umeme unapobadili mwelekeo, na kwa 50 Hz unabadili mara 100 kwa sekunde, sehemu ya mkondo inaingia kwenye mota kujenga sumaku, halafu inarudishwa kwenye laini sumaku inapobomoka, halafu inaingia tena. Haisagi hata punje moja. Lakini inapita kwenye waya, inaupasha moto, na klampmita, ile mita yenye taya za kubana waya, inaihesabu kama kawaida kwa sababu yenyewe haijui mkondo upi unafanya kazi na upi unatembea tu.

Pawa fakta ya 0.84 inasema hivi: kwa kila 100 zinazoonekana kupita, 84 ndizo zinazofanya kazi. Kwa hiyo tunagawanya tena: 12,500 ÷ 0.84 ni takribani 14,880. Hizi haziitwi tena wati, zinaitwa volti-ampea, lakini kwa leo jina si muhimu. Muhimu ni kwamba waya na swichi vinabeba mzigo wa 14,880, ingawa kwenye shafti tunaona 11,000.

Kuna mtego umejificha hapa. Ule mkondo wa sumaku haupungui mzigo unapopungua. Mota ikizunguka tupu, mkanda umevuliwa, bado inavuta kati ya theluthi na nusu ya ampea za kibati. Hii ya Mama, baada ya kusukwa, ilisoma ampea 9 ikiwa haina kitu. Mtu akisoma 9 dhidi ya 22.6 atasema mota imebeba asilimia 40 ya mzigo. Haijabeba chochote. Ampea za mota hazipandi kwa mstari ulionyooka kutoka sifuri. Zinaanzia juu, zinapanda polepole, kisha zinakaza mwendo kadiri mzigo kamili unavyokaribia.

Sasa ile 1.732

Nimeona watu wakiikariri 1.732 kama dua. Ni kipeuo cha pili cha 3, sawa, lakini imeingiaje kwenye umeme?

Aliyewahi kuwaona wanawake watatu wakitwanga kwenye kinu kimoja atanielewa. Michi mitatu, kinu kimoja, na haigongani, kwa sababu wanapokezana: mmoja anashusha, wa pili yuko njiani, wa tatu anainua. Nafaka haipumziki hata kidogo. Umeme wa njia tatu ni huo huo. Nyaya tatu, kila moja inafika kileleni kwa zamu yake, zimepishana theluthi moja ya mzunguko. Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, Mrusi aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya AEG huko Ujerumani, alitengeneza mota ya njia tatu ya aina hii mwaka 1889, na mpaka leo umbo lake halijabadilika sana.

Kwa sababu zinapokezana, ukipima volteji kati ya njia moja, yaani waya mmoja wenye umeme, na nyutro, waya wa kurudishia, unapata 230, lakini kati ya njia na njia hupati 460. Unapata 400. Zile mbili hazifiki kileleni pamoja, moja ikiwa juu nyingine haijafika chini kabisa. 230 mara 1.732 ni 398. Ndiyo maana ya ile namba, hakuna zaidi.

Ukitaka, unaweza kufanya hesabu yote bila kuitaja. Chukua ule mzigo wa 14,880, wagawie waya watatu sawasawa: kila mmoja anabeba 4,960. Gawanya kwa volteji ya kila waya dhidi ya nyutro. Kibati kinasema volti 380 kati ya njia na njia, kwa hiyo kwa nyutro ni kama 219. 4,960 ÷ 219 ni 22.6. Kibati hakikudanganya.

Wanaopenda kanuni iliyofupishwa wataiandika hivi:

Ampea = kilowati × 1000 ÷ (1.732 × volti za njia kwa njia × pawa fakta × ufanisi)

Ni kitu kile kile. 3 mara 230 ni 690, na 1.732 mara 400 ni 693. Tofauti ndogo hiyo imetokana na kukadiria 231 kuwa 230.

Na kama una shaka kwamba nyaya tatu zinapokezana kweli, bana zote tatu kwa pamoja ndani ya taya za klampmita mota ikiwa inaunguruma kwa mzigo. Itasoma sifuri, au karibu na sifuri. Nilimwonyesha kijana anayeendesha mashine akadhani mita imekufa. Nikabana waya mmoja: 21. Kinachokwenda kwa mmoja kinarudi kwa wenzake wawili, kila dakika, ndiyo maana mota hii haina haja ya nyutro.

Turudi ukutani. Fundi wa kwanza alichukua 11,000 akagawa kwa 400, akapata 27.5. Ni hesabu ya nyaya mbili, kama ya pasi, imevalishwa volteji ya njia tatu. Alisahau vitu vitatu, na vitu hivyo vinavutana: kukosa 1.732 kunapandisha jibu, kukosa ufanisi na pawa fakta kunalishusha, kwa hiyo jibu likatua mahali panapofanana na ukweli. Makosa ya namna hii ndiyo mabaya zaidi. Kama ingetoka 200 angestuka.

Wa pili alijua 1.732. Aligawanya 11,000 kwa 693 akapata 15.9. Hapo mota imefanywa malaika: haipotezi joto, haihitaji sumaku.

Wa tatu, nilikuja kusikia, ni mzee ambaye hatumii kikokotoo kabisa. Yeye anazidisha kilowati kwa mbili. 11 mara 2, 22. Na amekaribia kuliko wote.

Kwa nini mara mbili inakubali? Kwa sababu 1000 ÷ (1.732 × 400) ni 1.44, na mota nyingi za ukubwa wa kati zina pawa fakta na ufanisi ambavyo vikizidishwa vinatoa kama 0.72 hadi 0.76. 1.44 ÷ 0.72 ni 2 kamili. Mzee amebeba kanuni nzima mfukoni bila kuijua, au pengine anaijua na hataki kusema. Ila ina mipaka. Mota ndogo zina ufanisi mdogo na pawa fakta ya chini: mota ya Y ya kilowati 1.1 yenye ncha nne imeandikwa 2.75 A kwa volti 380, yaani mara mbili na nusu. Kubwa zinakwenda upande wa pili: ya kilowati 75 iko karibu na 140 A, haifiki mara mbili. Na pampu za kisimani, zile ndefu nyembamba zinazozamishwa, huvuta zaidi ya mara mbili kwa sababu ya wembamba wao, kwa hiyo usizipimie kwa kanuni ya mzee.

22.6 ni mpaka wa joto

Watu wengi wanaisoma ampea ya kibati kama vile ni kiasi ambacho mota itavuta. Hapana. Mota inavuta kile mzigo unachodai. Ukiipa mahindi kidogo itavuta 14. Ukifungua hopa, pale nafaka inapomwagwa, yote wazi, na chekeche lina matundu madogo na nyundo zimechakaa, itavuta 28 na hata zaidi, na haitakataa. Mota haina akili ya kukataa. Ile 22.6 ni mpaka: kwa mkondo huu, mchana na usiku, hewa inayoizunguka ikiwa haizidi nyuzi 40 na mahali pasipozidi mita 1000 kutoka usawa wa bahari, joto la nyaya za ndani halitavuka lile ambalo vanishi inayozifunika imeumbwa kulivumilia.

Na joto halipandi sambamba na mkondo. Linapanda kwa mraba wake. 28 ikigawanywa kwa 22.6 ni 1.24, lakini joto kwenye nyaya ni 1.24 mara 1.24, zaidi ya mara moja na nusu. Wanaosuka mota wana kanuni yao ya zamani kwamba kila nyuzi 10 zikizidi, umri wa vanishi unakatika nusu. Mota haiungui siku ile unapoizidishia mzigo. Inazeeka haraka, kisha siku moja asubuhi, ikiwa na mzigo wa kawaida kabisa, inatoa moshi, na kila mtu anashangaa.

Mbeya, Njombe, Nairobi, zote ziko juu ya mita 1000. Hewa ni nyepesi, inabeba joto kidogo, lakini pia ni ya baridi, na mara nyingi kimoja kinafidia kingine. Ningehofia zaidi unga. Mapezi ya mota ya Mama yalikuwa yamezibwa kabisa, yamejaa ubapa kama ukuta uliopigwa plasta. Namba yoyote ya kibati inachukulia kwamba upepo wa feni unapita kwenye mapezi. Ukiziba njia ya upepo, hata 20 inaweza kuwa nyingi.

Volteji nayo inaingia hapa. Kibati kinasema 380, Tanzania tunagawiwa 400, Kenya wana 415. Ukiweka 400 kwenye kanuni utapata 21.5 badala ya 22.6, na wapo wanaorekebisha hivyo. Mimi siwezi kugombana nao, ila uangalie: volteji ikizidi ya kibati, sumaku inadai mkondo zaidi, kwa hiyo faida ile ya hesabu inaliwa. Asilimia 5 juu au chini mota inavumilia bila shida, na 400 iko ukingoni hapo. 415 kwa mota ya 380 ni asilimia 9 juu, chuma kinaanza kushiba sumaku, na utaona ampea za mzigo mtupu zimepanda bila sababu ya maana.

Upande wa chini ndiko kunakoua. Jioni, watu wakiwasha majiko na pampu, ukapima 350 kati ya njia na njia, mahindi hayajui hilo. Nyundo zinadai nguvu ile ile, na volteji ikipungua, ampea ndiyo inayoongezeka kufidia: 22.6 inakuwa 24 na nusu. Na pima njia zote tatu. Volteji zikitofautiana kwa asilimia 1 tu, mikondo inaweza kutofautiana kwa asilimia 6 hadi 10. Njia moja ikikatika kabisa mota ikiwa kwenye mwendo, mbili zilizobaki zinabeba mzigo wa zote tatu, ampea zake zinapanda karibu mara 1.73 au zaidi. Ikiwa imesimama haitaanza, itanguruma tu, na hapo una sekunde chache za kuzima.

Namba sahihi mahali pasipo pake

Kinachosimamia huo mpaka ni ovalodi, kile kidude chenye kitufe chekundu na kijigurudumu cha namba chini ya kontakta, ile swichi ya sumaku inayoipa mota umeme. Ovalodi ya kawaida haikati pale pale kwenye namba uliyoweka. Mkondo ukiwa mara 1.05 ya hiyo namba inatakiwa ivumilie saa mbili bila kukata. Ukifika mara 1.2, iwe imekata ndani ya saa mbili. Hiyo ni makusudi, isije ikakata kila mota inapoanza, maana mota kama hii ikiwashwa moja kwa moja huvuta kama mara saba ya kibati kwa sekunde chache, ampea 158 hivi.

Sasa pima ilivyokuwa. Wakati wa fundi wa kwanza ovalodi iliwekwa 27.5. Ampea 28 zingepita siku nzima bila kidude kile kutikisika. Mota iliungua. Baada ya kusukwa, akaja wa pili akaweka 15.9, na ikawa inakata kila hopa inapojaa. Kijana akachoka kubonyeza kitufe chekundu, akakata kijiti cha mwarobaini akaikandamiza kontakta kwa kijiti ili isiachie. Namba ndogo kupita kiasi inaonekana ya usalama, lakini mwisho wake ni kijiti.

Ndipo akaitwa mzee. Akatoa kijiti, akaleta stata mpya ya sta-delta, kiwashio kinachoianza mota polepole, ili taa za majirani zisififie kila mashine inapoanza, akaweka ovalodi 22. Namba nzuri. Na mota ikaungua tena.

Hili lilinichukua muda. Nilifungua boksi la stata nikafuata nyaya kwa kidole. Mota iliyofungwa kwa pembetatu, mkondo wa kila waya unaoingia unagawanyika kwenye misuko miwili, na kwa sababu ya ule upokezanaji, kila msuko unapata 22.6 ÷ 1.732, yaani kama 13. Stata ya sta-delta ina nyaya sita zinazokwenda kwenye mota, na ovalodi inaweza kufungwa mahali pawili. Ikifungwa kwenye laini kuu, kabla nyaya hazijagawanyika, inaona 22.6. Ikifungwa chini ya kontakta kuu, kwenye nyaya tatu zinazokwenda kwenye vichwa vya misuko, inaona 13. Stata nyingi zinazouzwa tayari kwenye boksi zimefungwa hivi vya pili, na hii ilikuwa mojawapo.

Kwa hiyo hopa ikifunguliwa yote na laini ikivuta 28, ovalodi ile ilikuwa inaona 16. Imewekwa 22. Ilikuwa imetulia kabisa, mota ikiungua mbele yake. Ili ianze kufikiria kukata, laini ingepaswa kupita ampea 40.

Kama kibati kimepotea

Hutokea sana kwa mota za mitumba na zilizokwisha kusukwa. Pima kutoka chini ya miguu ya mota hadi katikati ya shafti, na unene wa shafti. Kwa mota za vipimo vya kimataifa, kimo cha 132 kina shafti ya milimita 38, na 160 ina 42. Mota ya ncha nne ya kimo cha 132 ni kilowati 5.5 ikiwa fupi au 7.5 ikiwa ndefu zaidi. Ya 160 ni 11 au 15. Ukipata kilowati, weka pawa fakta 0.84 na ufanisi 0.87 kwenye kanuni, utakuwa karibu. Kisha iwashe tupu upime ampea. Zikizidi nusu ya ulichokokotoa, au njia tatu zikitofautiana sana, aliyeisuka alibadilisha idadi ya mizunguko au unene wa waya, na hapo hakuna kanuni itakayokusaidia mpaka umwone yeye mwenyewe.

Waya wa kulisha mota ni habari ndefu, nitasema moja tu. Ampea 22.6 kwenye waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, umbali wa mita 40, zinapoteza kama volti 13 na nusu njiani. Kwa waya wa 6 ni volti 6 hivi. Hizo volti zinazopotea zinarudi kama ampea kwenye mota.

Mota ilirudi kutoka kwa msukaji baada ya siku nne. Nilisafisha mapezi kwa brashi ya waya, nikaweka chekeche jipya, nikamwomba Mama abadilishe nyundo. Nikapima: tupu 9, hopa ya kawaida 21, hopa yote wazi 27. Ovalodi ya mzee haikufaa tena, kijigurudumu chake kinaanzia 17. Mjini kurudi kununua nyingine ni nauli na nusu siku. Kijana akaniambia kuna kidude kingine kwenye boksi la mikanda iliyokatika. Kilikuwa cha fundi wa pili, kinaanzia 12 hadi 18, kimejaa unga. Nilikipangusa, nikakijaribu, nikakifunga, nikakiweka 13.

Mama alichukua kitambaa akafuta namba zote ukutani. "Fundi, niandike ipi?"

Nikamwambia aandike mbili: 22.6 kwa klampmita, 13 kwa kidude. Aliandika, akasimama akaziangalia, kisha akachora mshale kutoka 13 kwenda kwenye ovalodi, ili wa tano akija asiulize.